Jembe la Shaba Nyeusi

Ritha alipofungua fundo la mwisho la kitambaa, jembe alilolikuta ndani halikuwa refu kuliko kidole chake cha kati.

Hakuinua kichwa. Alijua macho ya ukumbi mzima yalikuwa juu yake, na alijua pia kwamba akikunja uso hata kidogo, shemeji yake Wilfred angewaka kabla yeye mwenyewe hajajua ameshika nini. Basi akafanya kama afanyavyo kanisani mahubiri yanapomchoma: akatulia tuli, akavuta pumzi polepole, akakitazama kile kitu.

Kilikuwa kipande cha shaba nyeusi, chembamba, chenye mabega mawili na miguu miwili mifupi, na juu yake kishingo kama cha kutilia mpini. Kutu ya kijani ilikuwa imekila pembeni. Katikati palikuwa na alama zilizochongwa, kama maandishi yaliyochoka. Kwa umbo kilikuwa jembe, hakuna ambaye angebisha. Lakini jembe la kulimia nini?

Katika ukoo wa marehemu mumewe, Ernesti, watu wa milimani walioshuka zamani kukata mkonge na wakabaki huku pwani, posa ina mambo mengi, na karibu yote siku hizi huingia kwenye bahasha. Mbuzi wa wajomba, bahasha. Blanketi la bibi, bahasha. Hata kuni za kupikia shughuli ni bahasha. Jembe la mama peke yake ndilo lililokataa. Huletwa limefungwa katika kitambaa kipya, chuma kitupu bila mpini, na mshenga haruhusiwi kulifungua njiani. Mama wa binti hulifungua mwenyewe mbele ya wote, kisha hutoka nalo hadi kwenye udongo anaoulima kwa mikono yake, akalipiga chini. Likishaingia udongoni, binti ametolewa. Akilifunga tena kitambaani na kumrudishia mshenga, posa imekufa, na hakuna mzee awezaye kuifufua. Shangazi yake Ernesti, Praxeda, aliwahi kulirudisha, na hadi leo familia zile mbili zikikutana msibani kila mmoja hutazama pembeni.

Mpini hutolewa na upande wa mwanamke. Wa Ritha ulikuwa tayari, wa mwarobaini, umepigwa msasa mpaka unateleza, umeegemezwa nyuma ya mlango. Ukiuweka karibu na kile kipande cha shaba, utacheka au utalia, kutegemea umeamkaje.

"Mama Jenifa, tuonyeshe basi," akasema Wilfred. "Au limekuwa zito?"

Ritha akalilaza juu ya kitambaa, mezani, kati ya birika na sahani ya visheti. Wilfred akavaa miwani, akainama. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Alexander. Hiki nini?"

Alexander, dereva katika kambi ya wajenzi wa barabara ya Pangani, ndiye aliyekuwa mshenga. Alinyoosha shingo, akaona, akameza mate. "Mzee, nilipewa kitambaa kimefungwa. Nilivyokipokea ndivyo nilivyokileta."

"Na wepesi wake hukuusikia mkononi?"

"Niliusikia. Nikasema moyoni, labda ni la Kichina."

Mlango wa jikoni ukatoa kicheko kilichobanwa. Ni Nasima, jirani wa ukuta mmoja na Ritha hapo mtaani Mabawa, Mpemba aliyefika tangu alfajiri kusimamia pilau. Wilfred akamtupia jicho, naye akajifanya anakoroga.

Mwenyewe mleta posa alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa nje. Kwa desturi mwoaji hakai kwenye kikao, lakini huyu hakuwa na baba wala mjomba wa kumsemea huku, na Wilfred aliruhusu aje, mradi asifungue kinywa mpaka aulizwe. Jina lake Wen, Mchina wa kambi ile ile. Kazi yake kupima barabara, kukaa na ile mashine ya miguu mitatu juani na kufumba jicho moja. Jenifa, binti mwenyewe, alimjulia huko kambini, alikokuwa karani wa stoo. Alivaa shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha koo, na jasho lilikuwa limechora mgongo wa shati lile kama ramani.

"Tumeomba jembe," Wilfred akawaambia wazee wenzake wawili, "tumeletewa mwanasesere. Kesho mtu ataniuliza barabarani, binti wa Ernesti katolewa kwa jembe gani? Nimwambie kwa kitu cha kuchezea watoto? Marehemu alikata mkonge mpaka vidole vikapinda ili huyu binti asome. Hapana. Mama Jenifa, lifunge."

Pazia la chumbani likatikisika. Jenifa alikuwa nyuma yake, amekaa kitandani na shangazi zake, kama ipasavyo.

Ritha alikuwa na jambo ambalo asingemweleza mtu yeyote pale. Maneno ya shemeji yake yalikuwa yamemfungulia mlango aliokuwa akiutazama kwa miezi mingi bila kuthubutu kuugusa. Jenifa ndiye mtoto pekee aliyembakia. Barabara haidumu kujengwa. Ikifika mwisho, kambi hung'olewa, na wapimaji huenda wanakoelekezwa, nao huchukua wake zao. Jioni zote baada ya sala ya nyumbani alilifikiria hilo. Hakuomba posa ivunjike, maana aliona hiyo ni sala mbaya na Mungu angemuuliza. Aliomba tu apewe macho ya kuona. Na sasa, bila dhambi, bila ugomvi, bila yeye kusema neno, alitakiwa kukunja pembe za kitambaa. Jenifa angelia na mwisho angenyamaza. Lawama zote angezibeba kijana mwenyewe.

Mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa. Ukashika pembe moja. Ukakaa hapo.

"Aulizwe kwanza," akasema.

"Aulizwe nini?"

"Alielewa nini tulipomwambia jembe. Shemeji, hata mwizi huulizwa."

Wilfred akapunga mkono, kumaanisha haya. Wen akasimama, akaweka viganja mapajani.

"Nimeelewa jembe, Mama. Hii ni jembe. Ni pesa pia."

"Pesa," akarudia Wilfred, kama mtu aliyeuma mchanga ndani ya wali.

"Ya zamani, mzee. Zamani sana, kabla ya Yesu." Alikuwa akihudhuria mafundisho ya ubatizo usharikani, na hapo ndipo alipojifunza kuhesabu miaka hivyo. "Kwetu zamani hakuna noti. Mtu ana jembe, anataka nguo, anatoa jembe. Kila mtu analima, kila mtu anataka jembe, hakuna anayekataa. Lakini kubeba ni shida. Basi wakatengeneza dogo. Halafu dogo zaidi. Mpaka hii. Hii hailimi. Lakini watu wote wamekubaliana, hii ni jembe. Unaleta hii, unapewa nguo."

"Na asiye mkulima?" Nasima aliuliza kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Sehemu nyingine, kisu. Pesa ya umbo la kisu, haikati kitu. Baadaye sana ndiyo ikaja ya duara, na tundu katikati, tundu la pembe nne. Unapitisha kamba, unafunga."

"Na kabla ya hayo majembe?" Nasima akauliza tena.

Wen akatafuta neno. Akakunja ngumi, akaonyesha mgongo wake wa mviringo, akaugeuza. "Ile ya baharini. Watoto wanauza kule ufukweni Ushongo. Mgongo unang'aa, chini ina mdomo, mdomo una meno."

"Kete," akasema Nasima. "Kumbe Pemba nzima tulikuwa matajiri na hatuna habari. Mama yangu alikuwa akimwaga ndoo nzima jalalani."

Wazee wakacheka, hata mmoja akajipiga paja. Wen akatabasamu kidogo, kisha akaendelea, maana alikuwa hajamaliza, na sauti yake ilishuka. "Kete ilikuwa pesa ya wakubwa. Mfalme anakupa kete, umepewa heshima. Na mtu akifa, wanamwekea mdomoni. Asiende na mdomo mtupu."

Kicheko kikakatika. Ritha alikumbuka kinywa cha Ernesti alipokifunga kwa kitambaa cheupe, hospitalini, na jinsi kilivyokataa kufungika. Akaliondoa wazo hilo, akarudi pale alipo.

"Historia nzuri," akasema Wilfred. "Sikatai. Lakini sisi hatukuomba pesa ya kale. Pesa isiyonunua hata kiberiti ni pesa gani? Mtu akiniambia hii ni jembe na mimi naona si jembe, nifumbe macho?"

"Shemeji," Ritha akasema taratibu, "yule mbuzi uliyempokea asubuhi ana miguu mingapi?"

Mkono wa Wilfred ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti, ilipokuwa bahasha. Alexander akakohoa, akainamia kikombe chake kilichokwisha kuwa kitupu.

"Hiyo ni tofauti," akasema Wilfred. "Mbuzi ni desturi. Kila mtu anajua ile karatasi ni mbuzi."

"Na huyu anasema kwao kila mtu alijua ile shaba ni jembe."

"Kwao. Hapa si kwao."

Na hilo lilikuwa kweli. Wilfred hakuwa mtu mbaya. Ernesti alipougua, ni yeye aliyeuza baiskeli yake na redio. Alikaa akiigeuza miwani vidoleni, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe kwa haki.

"Sawa. Nisije nikaambiwa mimi ndiye niliyemkatalia mtoto wa ndugu yangu. Mnasema ni jembe. Basi litendewe kama jembe. Majembe yote ya ukoo huu yamepigwa chini mbele ya watu, na hili lipigwe. Mama Jenifa, ni moja kati ya mawili. Ulipige, au ulifunge. La kuliweka kabatini kama pambo, hapana."

Kila mtu akaitazama ile shaba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kitu chembamba hivyo, kilicholiwa na kutu tangu enzi hizo, ukikipiga chini kinavunjika. Uso wa Wen ukabadilika rangi.

Ritha akamtazama. Alikuwa na desturi ya kutazama watu kwa muda mrefu kuliko wanavyopenda. Watoto wa shule ya Jumapili walimwogopa kwa hilo.

"Umelipata wapi, mwanangu?"

"Babu yangu, Mama. Alikuwa analima, jembe lake likagonga hii. Akampa baba. Baba amekufa. Mama ndiye aliyeweka."

"Na mama yako anajua liko hapa?"

"Yeye ndiye ametuma. Nilimpigia simu. Nilimwambia, huku mama wa msichana anapewa jembe. Akacheka. Halafu akanyamaza. Alinyamaza sana, nikafikiri salio limekwisha. Halafu akasema, 'Sisi tunalo.' Akalishona ndani ya koti, akampa mwenzangu aliyekuwa anarudi kazini."

"Hakusema kingine?"

Wen akatazama viatu vyake. Alikuwa amevipaka rangi, lakini vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeng'ang'ania kwenye mishono. "Alisema, 'Sasa najua hurudi.'"

Huko jikoni sufuria ilichemka, na Nasima hakwenda kuifunua.

Ritha alimwona yule mwanamke. Hakumjua uso wala jina, lakini alimwona: mjane kama yeye, chumbani, mbele ya sanduku, anakitoa kitu alichoachiwa na mumewe, anatunga uzi kwenye sindano. Hakuna wazee waliokaa wakimsubiri. Hakuna aliyemwambia alipige au alifunge. Alikata shauri peke yake, akashona koti, akalitoa. Alichokuwa akikiogopa Ritha kwa miezi mingi, yeye alishakipitia, tena bila pilau.

Mlango uliokuwa wazi mbele ya Ritha haukufungwa na mtu. Ulikuwepo bado. Ila aliona sasa kwamba akiupitia, atakuwa amemrudishia yule mama shaba yake pamoja na aibu, na atakuwa ameyafanya hayo ili yeye abaki na wa kwake. Aliomba macho, na haya ndiyo yaliyokuwa mbele ya macho.

Akainuka. Akalichukua jembe lile kiganjani, akatoka mlango wa nyuma.

Uwanja wa nyuma haukuwa mkubwa: kamba ya kuanikia, banda la kuku, na matuta ya viazi vitamu yaliyofika hadi ukuta wa jirani. Wazee wakamfuata, na Alexander, na Wen nyuma yao, na Nasima akapita kwa upande wa jikoni akasimama na mwiko wake. Wilfred akaonyesha njia ya kuendea choo, ardhi ngumu iliyokanyagwa miaka yote. Ritha hakuitazama. Akaenda kwenye tuta la mwisho, alilokuwa amelimwagia maji jana.

Alipoinua mkono, aliona kwa pembe ya jicho mkono wa Wen ukinyooka mbele, kama wa mtu anayetaka kudaka kikombe kinachoanguka. Kisha kijana akaurudisha, akaushika kwa mkono wa pili.

"Ukitaka nilirudishe, sema sasa," Ritha akamwambia. "Hapa hakuna atakayekucheka, nami nitasema ni mimi niliyekataa."

"Hapana, Mama." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Piga."

Ritha akapiga magoti, khanga na yote, kwenye udongo. Akafumba macho, midomo ikatembea kidogo, akayafumbua. Kwa mkono wa kushoto akaufukua udongo, akauvunjavunja madonge mpaka ukawa laini kama unga uliochekechwa. Kisha akaishika ile shaba kwa vidole vitatu penye kishingo, akaisukuma ndani taratibu, miguu kwanza, mpaka mabega yakazama.

"Hiyo si kupiga," akasema Wilfred juu yake. "Hivyo ni kama mtu anayepandikiza mche."

"Shemeji, mwenye jembe ni mimi, na udongo ni wangu. Nakuuliza moja tu. Limeingia au halikuingia?"

Wilfred akainama, mikono magotini. Akatazama muda. Pengine alimkumbuka ndugu yake. Pengine alichoka tu na jua.

"Limeingia," akasema. Akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya kikao, ili isiwe na utata: "Jembe limeingia. Tumeona."

Nasima akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akarudi mbio kwenye sufuria yake.

Ritha akalivuta. Lilitoka kwa urahisi, lakini lilipotoka aliona mguu mmoja umepungua. Ncha yake, kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, ilikuwa imebaki. Akaingiza vidole haraka, akapekua, udongo ukawa mweusi kila alipouvunja, na kitu chenyewe rangi yake ilikuwa ni hiyo hiyo. Wen alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili wa tuta. Akamwona anavyotafuta. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Ritha, kwa adabu, kama mtu anayezima taa.

"Iache, Mama. Ikae hapo."

"Mama yako utamwambia nini?"

Akafikiri. "Nitamwambia limelima."

Ritha akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, maana viganja vilikuwa na udongo, akamwita Jenifa. Desturi ni hiyo, jembe likishaingia ndipo binti anatoka. Jenifa akatoka na shangazi zake nyuma, macho mekundu, akasimama kando ya kamba ya nguo asijue atazame nani. Mama yake akamtazama tangu nywele hadi vidole vya miguu, taratibu, kama anayetaka kumkariri.

"Simu yako ina salio?" akamuuliza.

"Ninalo, Mama."

"Mpigieni mama yake. Ya picha."

"Kwao ni usiku sasa," akasema Wen.

"Atakuwa amelala?"

Wen akatikisa kichwa. "Leo halali."

Simu ikaita mara chache tu. Akatokea mwanamke mwenye nywele fupi zenye mvi, sweta zito, taa moja nyuma yake. Wen akamwambia maneno machache. Yule mwanamke akakisogeza kioo karibu mno, mpaka likabaki jicho na kipande cha shavu, kisha akarudi nyuma.

Ritha alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa ameandaa maneno, ya heshima, na jina la Mungu ndani yake, lakini yakamkimbia yote. Akaishika ile shaba mbele ya simu, jinsi ilivyo, na udongo umeganda kwenye mabega, na ule mguu uliopungua. Hakuuficha. Akauelekeza kwenye mwanga ili uonekane.

Yule mama akatazama. Hakulia, wala hakutabasamu. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Alexander akaanza kuchezesha mguu. Mwishowe akasema neno, fupi, na Wen akachelewa kulitafsiri.

"Anasemaje?" Ritha akauliza.

"Anauliza, udongo huo ni mzuri?"

Ritha akautazama mkono wake. Akachukua udongo kidogo kutoka tutani, akaufumbata ngumini, akaifungua mbele ya kioo ili mwenzake aone jinsi unavyoshikamana na jinsi unavyoachia.

"Mwambie viazi vinatoka," akasema. "Mwambie mihogo inasumbuliwa na panya, lakini viazi vinatoka."